Gharama ya Muhtasari: Upimaji wa Uchakataji wa Taarifa katika Ngazi za Utawala, kwa Mfano wa Msuka, Pemba

1.0 Utangulizi

Ngazi za utawala zipo kwa sababu mtu mmoja hawezi kusoma kila kitu. Hata hivyo, kila ngazi inayoongezwa ina gharama yake. Makala hii inajadili upimaji wa gharama hiyo, na inadai kwamba kipimo kilichozoeleka kinaiacha nje gharama ya kiisimu.

2.0 Kipimo cha Muda na Kazi

Radner (1993) aliichukulia taasisi kuwa ni mtandao wa wachakataji wa taarifa, akapima idadi yao na muda unaopita kabla ya uamuzi. Ichukuliwe kuwa kuna taarifa 8, na kila moja husomwa kwa saa 1. Mkuu akizisoma peke yake atatumia saa 8. Makarani 2 wakigawana, watamaliza kwa saa 4, kisha mkuu atasoma mihtasari 2 kwa saa 2. Uamuzi utapatikana baada ya saa 6, ilhali kazi iliyofanywa ni ya saa 10. Ngazi imepunguza muda na kuongeza kazi.

3.0 Mfano wa Msuka

Hesabu hiyo inachukulia kuwa muhtasari hubeba maana yote inayohitajika. Msuka Magharibi na Msuka Mashariki ni shehia za Wilaya ya Micheweni. Taarifa hupanda kutoka kwa sheha hadi kwa Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mkuu wa Mkoa. Tuseme mvuvi anamweleza sheha: "Ni kusi, tena mkondo wa bamvua umezidi, ngalawa hazitoki." Kusi huvuma kwa miezi kadhaa, bamvua hupita kwa siku chache na kurejea baada ya wiki mbili hivi. Maneno hayo mawili yanataja sababu mbili zenye muda tofauti. Muhtasari usemao "hali ya bahari ni mbaya" humwokolea msomaji muda, lakini huondoa kile hasa kinachoamua iwapo msaada ni wa siku au wa msimu. Mkoa ukiuliza, swali litashuka ngazi 2 na jibu litapanda 2.

4.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba, pamoja na muda na kazi, yahesabiwe pia maswali yanayorudishwa chini. Kipimo hicho nacho kina mpaka: swali lisiloulizwa halihesabiki. Gharama yake haionekani katika daftari la ofisi yoyote, huilipa mvuvi.