USHAURI WA FUNDI: Rekebisha vioo kwanza, leza iache

*Mimi ni kijana wa Katindiuka, Ifakara, natengeneza redio na simu. Nataka kuchora maumbo ya leza ukutani. Nimebandika vipande vya kioo katikati ya spika mbili na kuziunga kwenye amplifaya, lakini badala ya duara napata doa linalotetemeka tu. Kuna mtu anauza leza kali ya kijani. Ninunue?*

Mwanangu, usinunue. Leza yako haina kosa.

Maumbo unayotaka kuchora ni picha za vekta. Hapo Ifakara ukitaja vekta, wengi hufikiria mbu wanaochunguzwa na Taasisi ya Afya Ifakara. Vekta yako wewe ni mstari. Huchorwa na doa moja linalokimbia, kama mtoto anavyozungusha kijinga cha moto gizani tukaona duara. Mwaka 1857, Mfaransa Jules Antoine Lissajous alichora maumbo hayo kwa mwanga na vioo vilivyofungwa kwenye uma za chuma zinazotetemeka. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Kwa hiyo kazi ni ya vioo.

Kioo kilichobandikwa katikati ya spika huenda mbele na kurudi nyuma tu. Wewe unataka kiiname. Ukingo mmoja uushikize kwenye fremu kwa kipande cha mpira, kiwe bawaba. Ukingo wa pili uuunganishe na koni ya spika. Kioo kiwe chepesi. Cha kawaida hutoa madoa mawili kwa sababu rangi yake ya fedha iko nyuma. Tafuta cha ndani ya skana mbovu, chenye fedha usoni.

Spika moja ipeleke doa kushoto na kulia, nyingine juu na chini. Zipe toni moja ya mitetemo 40 kwa sekunde, ya pili ichelewe robo ya mzunguko: utapata duara. Likilala kama yai, punguza sauti ya upande uliozidi. Ukiipa spika moja mitetemo 40 na nyingine 80, utapata umbo la nane. Maandishi yatakuja baadaye. Yanataka vioo vya injini ndogo zinazotii kompyuta, kwa kuwa spika huviringisha kona.

Sasa macho. Tumia leza isiyozidi miliwati 1, wala usiamini lebo peke yake. Leza kali huchoma retina kabla hujapepesa, na za kijani za bei rahisi huweza kuvujisha miali ya infraredi usiyoiona. Tena amplifaya ikizimika, doa husimama mahali pamoja na nguvu yake yote. Funga mtambo ndani ya boksi, mwale upite juu ya vichwa vya watu, uishie kwenye ukuta usiong'aa. Usiuelekeze barabarani wala angani.

Spika iliyoungua utaibadilisha jioni hiyohiyo. Jicho la mdogo wako aliyekuja kutazama halina spea.