SOMO LA NYUMBANI: KUTOA MADOA KWENYE ZULIA



Siku hizi hata hapa Buseresere wako watu wanaotandika zulia sebuleni. Mgeni anakuja, chai inamwagika. Mwenye nyumba anakimbilia brashi, anasugua kwa nguvu. Kesho yake doa ni kubwa kuliko jana. Kosa liko wapi?

Kosa ni kusugua. Ukisugua unasukuma uchafu ndani ya nyuzi.

Mjini kuna mashine ndogo ya umeme ya kusafishia zulia. Unaibeba kwa mkono mmoja. Hiyo hurusha maji ya sabuni juu ya doa, halafu huyavuta tena pamoja na uchafu. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa mikono:

1. Weka kitambaa cheupe juu ya doa, ukikandamize. Usisugue.
2. Tia maji kidogo ya sabuni. Maji mengi hufika chini, na zulia litanuka uvundo.
3. Kandamiza tena kwa kitambaa kikavu. Anza pembeni, uende katikati.
4. Rudia kwa maji matupu. Kisha anika juani.

Damu: tumia maji baridi. Maji ya moto huigandisha, kama yai linavyoganda sufuriani.

Mafuta: nyunyiza pumba laini iyanyonye. Kung'uta, halafu tia sabuni.

Mkojo wa mtoto: maji na sabuni yatosha. Usitie jiki. Jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma kifua.

DOA LA HATARI

Kwetu mkoani Geita wachimbaji wadogo wa dhahabu ni wengi. Baba anatoka kuchenjua dhahabu, anakaa sebuleni na nguo za kazi. Tone la zebaki linadondoka. Linang'aa, linabingirika, watoto wanalichezea. Jamani, hiyo ni sumu! Mvuke wake hauonekani wala haunuki, lakini hudhuru ubongo, figo, na mtoto aliye tumboni.

Hapa usifagie, usioshe, wala usitumie mashine. Utaisambaza nyumba nzima. Toa watoto nje, fungua madirisha. Vaa mifuko ya nailoni mikononi. Kusanya matone kwa karatasi mbili ngumu, uyatie kwenye chupa yenye kifuniko. Kata kipande cha zulia kilichoingia zebaki, ukifunge ndani ya mfuko. Weka vyote nje, mbali na watoto, umwulize afisa afya. Usichome moto, usitupe chooni wala mtoni.

Lakini kinga ni bora. Mchimbaji avue nguo za kazi nje ya nyumba. Zifuliwe peke yake, mbali na kisima. Zulia utanunua jingine. Akili ya mtoto haiuzwi gulioni.

MASWALI

1. Kwa nini tusisugue doa?
2. Doa la damu huoshwa kwa maji gani? Kwa nini?
3. Nyumbani kwako nguo za machimboni hukaa wapi? Zungumza na wenzako, mkubaliane la kufanya.