Nuru Chini ya Maji: Kamera, Furu na Uwazi wa Ziwa Victoria

Mzamiaji aliyezoea kupiga picha katika bahari ya Mafia au Pemba hufuata kanuni moja: maji maangavu hufyonza nuru nyekundu kwanza, hivyo kadiri anavyoshuka ndivyo picha zinavyozidi kuwa za buluu. Ili kuipunguza buluu hiyo, huifunika lenzi kwa kichujio chekundu. Lakini akiichukua kamera yake ndogo mpaka mwambao wa Ziwa Victoria, upande wa Geita au Mwanza, kanuni hiyo itampotosha. Picha zitatoka za kijani au za manjano, zimejaa vitone vyeupe, na samaki aliye umbali wa mita 2 huenda asionekane. Kamera haina kosa. Maji ndiyo tofauti.

Mambo matatu yanayoipata nuru

Kwanza, nuru hupinda. Kamera ndogo hufungwa ndani ya kasha lisiloingiza maji, lenye dirisha bapa la kioo. Mwendo wa nuru majini ni robo tatu tu ya mwendo wake hewani, kwa hiyo nuru inapotoka majini na kuingia katika hewa ya kasha hubadili mwelekeo. Samaki aliye umbali wa sm 60 huonekana kana kwamba yuko sm 45, na lenzi inayoona pembe ya nyuzi 70 hewani huona nyuzi 51 hivi majini.

Pili, nuru hufyonzwa. Ziwa Victoria lina mwani mwingi na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka. Vitu hivyo hufyonza zaidi nuru ya buluu. Kadiri kina kinavyoongezeka, nuru inayobaki huelekea manjano na rangi ya chungwa.

Tatu, nuru hutawanywa. Chembe za udongo na mwani huirudisha nuru ya taa ya kamera kwenye lenzi, kama vumbi la barabarani linavyorudisha taa za gari usiku. Katika kamera ndogo taa iko karibu sana na lenzi, hivyo ubaya huzidi. Dawa yake ni kumkaribia samaki, ili maji yaliyo katikati yawe machache, na kutumia taa nyingine inayoshikwa kando.

Samaki wanaoitegemea nuru hiyo

Mwaka 1985 furu mmoja mwekundu alipewa jina la kisayansi la kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Leo huitwa Pundamilia nyererei. Ana ndugu wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu. Penye maji maangavu, kama katika kisiwa cha Makobe, wale wa buluu hukaa karibu na uso wa maji, na wekundu hukaa chini zaidi, ambako nuru ya buluu ni haba. Jike humchagua dume wa aina yake kwa kuitazama rangi.

Mwaka 1997 mtaalamu Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba penye maji machafu rangi za furu hufifia na aina zao hupungua. Utafiti wao wa mwaka 2008 ulieleza zaidi. Huko Makobe, ambako kisahani cheupe huonekana hadi kina cha zaidi ya mita 2, furu hao ni aina mbili kamili. Katika kisiwa cha Luanso, ambako kisahani hupotea kwenye nusu mita hivi, wamechanganyika.

Sangara amewapunguza furu kwa kuwala. Maji machafu huwapunguza kwa kuwanyima nuru ya kutambuana. Udongo unaosombwa na mvua kutoka mashambani, malishoni na machimboni, pamoja na maji taka yanayolisha mwani, huongeza uchafu huo.

Majaribio

Shule ya Shinyanga haihitaji kuzamia ili kuyaona haya.

1. Jaza maji bilauri moja, na nyingine chai ya rangi iliyochujwa na kupoa. Weka nyuma yake karatasi ya buluu, kisha nyekundu. Kupitia chai, buluu hugeuka kuwa nyeusi, nyekundu hubaki.

2. Tia matone machache ya maziwa katika bilauri ya maji. Mulika kwa tochi iliyo karibu na jicho, kisha kwa tochi iliyo ubavuni mwa bilauri. Linganisha ukungu unaoonekana.

3. Paka kisahani cha sm 20 rangi nyeupe na nyeusi kwa robo robo, kifunge uzito na kamba yenye alama kila sm 10. Kiteremshe lamboni, upande wenye kivuli. Kikipotea kwenye sm 48 na kuonekana tena kwenye sm 44, uwazi ni sm 46. Pima kila mwezi na kuchora grafu.

Onyo: pimeni mkiwa juu ya daraja au mtumbwi imara, pamoja na mwalimu. Msiingie majini, kwani kichocho na mamba ni hatari za kweli. Naye mzamiaji akumbuke kwamba ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kuzamia ya baharini hayatumiki huko bila kusahihishwa.

Maswali

1. Kwa nini kichujio chekundu hakifai katika Ziwa Victoria?
2. Samaki anayeonekana kuwa sm 90 kutoka kwenye kioo yuko umbali gani hasa?
3. Uwazi wa lambo lenu ulibadilikaje baada ya mvua, na udongo ulitoka wapi?