Aliyetunza Nguo

JUMANNE

Soma Matendo 7:57–60 na 22:20. Sauli hakurusha jiwe. Kwa nini basi alijihesabu mwenye hatia katika kifo cha Stefano?

Kelele za "Mwizi!" zikisikika Maili Moja, Kibaha, au sokoni Kisarawe, watu hukusanyika upesi. Mmoja hushika fimbo, mwingine hutafuta tairi, na wengi husimama kutazama. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Lakini umati hauulizi ushahidi.

Soma Matendo 21:27–36. Umati ulimpiga Paulo kwa sababu gani, nao uliacha lini?

Walidhani tu kwamba alimwingiza Trofimo hekaluni (fungu la 29). Waliacha walipomwona jemadari na askari. Aliyetunza nguo za wapiga mawe sasa alikuwa ndiye anayepigwa.

Na kama mtu ni mwizi kweli? Yesu alimpa mwizi ahadi ya Paradiso msalabani (Luka 23:43). Kisasi ni cha Bwana (Warumi 12:19). Hivyo haitoshi Mkristo kutopiga. Apige simu polisi namba 112, amwite mwenyekiti wa mtaa, aseme kwa sauti, "Tumpeleke kituoni." Wala aliyeibiwa asisahauliwe; hasara yake ni ya kweli, na kanisa limsaidie kuibeba.

Ndugu wa darasa lako ameibiwa bodaboda yake, na mshukiwa amekamatwa. Utamwambia nini ndugu huyo? Utawaambia nini waliokusanyika?