Dondoo muhimu: Kuwaona wanyama wa Enzi ya Barafu pamoja na watoto

Katika bustani ya La Brea Tar Pits mjini Los Angeles, Marekani, sanamu za mamothi, jamaa wa tembo waliokwisha kutoweka, zimesimama kwenye ziwa la lami zikiwa na ukubwa wa mnyama halisi. Ni vizuri ziara ianzie hapo. Mamothi mmoja amenasa ndani ya ziwa, na mtoto wake anamtazama kutoka ukingoni. Watoto wadogo huweza kuingiwa na huzuni, kwa hiyo waelezwe mapema kwamba hizo ni sanamu, ingawa lami hiyo imenasa wanyama wa kweli kwa takribani miaka 50,000. Hadi leo viputo vya gesi huibuka majini, na harufu ni ile ya barabara inayotiwa lami. Lami huchuruzika hata kwenye nyasi, hivyo viatu vya zamani vinafaa zaidi.

Ndani ya jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 1977, ukuta mmoja umejaa mafuvu zaidi ya 400 ya mbwamwitu wakubwa wa kale. Mtoto asiharakishwe hapo. Apewe nafasi ya kulinganisha meno. Ratiba ikaguliwe kabla ya safari, kwani ukarabati mkubwa umepangwa.