Roketi Inaporuka: Tuone, Tusikie, Tujihadhari



Radi inapopiga hapa Kagongwa, tunaona mwanga kwanza, ngurumo hufuata. Sauti huenda kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Hesabu sekunde, gawa kwa 3, utapata umbali.

Huko Florida, Marekani, waandishi wa habari hutazama roketi wakiwa umbali wa kilomita 5 hivi. Huona moto, na baada ya sekunde 15 mngurumo huwatikisa vifua. Umbali huo ni kinga, maana roketi hubeba shehena kubwa ya mafuta.

Mwaka 1985 Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, Mwislamu wa kwanza kufika anga za juu, aliruka kutoka huko akarudi salama. Lakini tarehe 28 Januari 1986 chombo Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka. Watu 7 walikufa, jamaa zao wakitazama. Baridi ilikuwa imekakamaza mpira wa kuzibia maungio ya roketi. Wahandisi walionya usiku wa kuamkia siku hiyo, hawakusikilizwa.

Basi tuwasikilize wajuzi, hata wakituchelewesha. King'ora cha baruti kikilia machimboni, tusisogee kutazama.