SOMO LA KUJADILIANA: WATEJA WAKITOFAUTIANA, TUMSIKILIZE NANI?



Vikundi vyetu vingi vina biashara. Kuna vilivyo na kinu cha kusaga unga, kuna vinavyouza maji, kuna vyenye hoteli ndogo au nyumba ya kukodisha pale kituoni. Uongozi wa biashara ukibadilika, hata kama ni kubadilisha tu mtu anayekaa kaunta, maneno huanza. Huyu anasema mambo yameharibika. Yule anasema sasa ndiyo yametengenezeka. Kamati inabaki katikati, haijui imwamini nani.

Mwezi huu tumechagua mfano wa baa. Tunajua wengine watashangaa, lakini ukweli ni kwamba nyumba nyingi za vikundi zimekodishwa kwa wenye baa, na kodi hiyo ndiyo inalipa karo za watoto. Tena hakuna mahali watu husema maoni yao kwa sauti kama kwenye baa. Somo lenyewe ni la biashara yoyote.

SHABAHA YA SOMO

Tukimaliza, kikundi kiweze:
1. kutenganisha maneno juu ya mtu na maneno juu ya mabadiliko yenyewe;
2. kutambua sauti ambazo hazisikiki kwenye kaunta;
3. kujua mambo ya kupatana na mambo yasiyopigiwa kura.

Muda ni kama saa moja na nusu. Mwongozaji awe na karatasi kubwa na kalamu. Mmoja anayesoma vizuri asome kisa kwa sauti, pole pole, mara mbili.

KISA CHA KUSOMA

(Tumekitunga kutokana na mambo ya kawaida ya vituo vyetu. Msitafute ni kituo gani.)

Kikundi cha akina mama kina nyumba ya mawe kituoni. Waliijenga kwa michango ya miaka mingi. Wameikodisha kwa mwenye baa kwa shilingi 12,000 kwa mwezi. Mpangaji wa kwanza alikuwa mtu wa watu. Alijua kila mteja kwa jina, na alikuwa na kitabu cha deni. Ukiwa huna pesa unaandikwa, unalipa mwisho wa mwezi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi tangu asubuhi kwa wale wazoefu. Lakini wengine hawakulipa madeni yao, kreti zikapungua, na kodi ikakosekana miezi mitatu. Kikundi kikawa kinadai shilingi 36,000. Mwishowe mpangaji akafunga, akaenda.

Akaingia mpangaji mpya. Huyu alipaka rangi, akajenga choo, akaleta televisheni kubwa na jiko la nyama choma. Chupa ikapanda kwa shilingi 20. Kitabu cha deni hakuna: unalipa pesa taslimu au kwa M-Pesa. Mlango wa nyuma umefungwa. Muziki ni wa nguvu, hasa Ijumaa na Jumamosi. Kodi inafika kila tarehe 5.

Sasa mkataba wake wa mwaka mmoja unakaribia kwisha. Je, wampe mwingine? Kamati ikaamua kuuliza watu. Haya ndiyo waliyosikia.

Mzee anayefanya kazi kiwanda cha majani chai: "Hii baa si yetu tena. Nimekunywa hapa miaka kumi, leo naambiwa hakuna deni, kama mgeni! Mwondoeni."

Kijana wa bodaboda: "Sasa ndiyo iko sawa. Mpira tunaona, choo ni safi, nyama iko. Zamani mlikuwa mnakunywa gizani."

Dereva wa lori: "Bei iko juu kidogo, lakini chenji yangu napewa yote. Mimi nasimama hapa kila wiki."

Mwalimu mstaafu: "Sina ubaya naye. Lakini huwezi kuzungumza na mwenzako, mpaka upige kelele. Nilihamia pale kwa jirani yake. Hakuna mtu aliyeniuliza."

Watu wanne, maneno manne. Kamati ikahesabu: wawili wanamtaka, mmoja hamtaki, na mmoja alishaenda zake. Karibu wafunge mkutano. Ndipo mweka hazina akauliza, "Je, wale wasioingia mle ndani?" Wakatoka tena kesho yake.

Mke wa yule mzee wa kiwanda: "Mimi sijawahi kukaa pale. Lakini tangu kile kitabu kifungwe, pesa ya mwezi inafika nyumbani. Msikirudishe, tafadhali."

Weita: "Naingia saa nane mchana, natoka saa sita usiku. Glasi ikivunjika nakatwa mshahara, hata kama ni mlevi ameiangusha. Nikirudi usiku natembea peke yangu."

Mama aliyekuwa akiuza mayai na samosa mlangoni: "Alipoleta jiko lake, mimi nilifukuzwa."

Jirani mwenye watoto shuleni: "Siku za muziki hawasomi, hawalali."

MASWALI YA KWANZA

Mgawanyike vikundi vya watu watano watano. Baada ya dakika ishirini mrudi pamoja.

1. Ni mambo gani hasa yaliyobadilika? Yaandikeni moja moja.
2. Kwa kila badiliko, nani amepata na nani amepoteza?
3. Ni nani hakuulizwa siku ya kwanza? Kwa nini?

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, tuache mtu tushike jambo. "Mwenye baa mpya ni mbaya" ni neno ambalo kamati haiwezi kulifanyia kazi. Anayesema hivyo aulizwe kwa upole: "Mzee, ni kitu gani kilichobadilika ambacho kinakuumiza?" Hapo atataja deni, au bei, au muziki. Sasa tuna kitu cha kushika. Hata anayesifu aulizwe vivyo hivyo. Sifa tupu haisaidii zaidi ya lawama tupu.

Pili, jambo moja laweza kuwa hasara kwa mmoja na nafuu kwa mwingine, na wote wawili wanasema kweli. Tazameni kitabu cha deni. Tufanye hesabu pamoja. Mtu akinywa chupa 2 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, kila chupa shilingi 200, ameandikwa shilingi 8,000. Hakuzitoa mfukoni siku hata moja, kwa hivyo hakuzihisi. Zilikatwa zote kwa pamoja mwisho wa mwezi, kabla unga haujanunuliwa. Mzee anasema ameondolewa heshima. Mama anasema amerudishiwa chakula. Wote wanazungumza juu ya kitabu kile kile, na wanatoka nyumba moja! Kamati iliyomsikiliza mzee peke yake ingekirudisha kitabu, na isingejua imechukua nini nyumbani kwake.

Tatu, tusihesabu sauti tu, tuulize ni sauti za nani. Kuna watu wa aina tatu wa kutafutwa:

(a) Wanaokaa ndani. Hawa ni rahisi kuwapata. Wanasema bila kuulizwa.

(b) Walioondoka kimya. Mwalimu hakugombana na mtu. Alihamia tu kwa jirani. Mteja anayelalamika bado anataka kurudi. Aliyenyamaza huenda hatarudi, na ndiye angekuambia biashara inavujia wapi.

(c) Wanaoguswa bila kuwa wateja. Hao ni jamaa nyumbani, wafanyakazi, majirani, na wachuuzi wadogo wa mlangoni. Hawanunui kitu mle, lakini wao pia wanalipa.

Nne, maoni hayana uzito mmoja. Tuyapange katika mafungu matatu.

Fungu la ladha: muziki wa aina gani, mpira au mazungumzo, rangi ya ukuta. Hapa watu wapatane. Kwa mfano, sauti iwe chini mpaka saa mbili usiku, au wazee watengewe upande wao.

Fungu la mfuko: bei, deni, kodi. Hapa tusibishane kwa hasira, tufanye hesabu. Kitabu cha deni kilimpendeza mteja, lakini ndicho kilichomwangusha mpangaji wa kwanza na kikundi kikakosa 36,000.

Fungu la haki na usalama: mshahara wa weita, kufika kwake nyumbani salama, watoto, usingizi wa jirani, saa za kufungua. Haya hayapigiwi kura. Hata wateja wote mia wakisema mlango wa nyuma ufunguliwe asubuhi, hapana ni hapana. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile watu waliyoiita "sheria ya Mututho", ilisema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Ilikataza pia kuwauzia walio chini ya miaka 18, na kuweka baa karibu na shule, chini ya mita 300. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, leseni za vileo ni kazi ya kaunti, na kaunti zimetunga sheria zao. Kwa hivyo, kikundi chenye nyumba kama hiyo kiende ofisi ya kaunti kiulize saa na masharti ya kwao, kisha kiyaandike ndani ya mkataba wa nyumba.

KISA CHA PILI: WATEJA WALIPOKUWA WENYEWE

Labda mtu atasema: "Dawa ni wateja wenyewe kununua baa, basi maneno yaishe." Wako waliofanya hivyo, na tunaweza kujifunza kwao.

Huko London, Uingereza, katika mtaa wa Nunhead, kuna baa ya zamani inayoitwa Ivy House. Mwezi wa Aprili 2012 ilifungwa ghafula, na watu wa mtaa wakaogopa kwamba itauzwa igeuzwe nyumba za kuishi. Kwao baa ya mtaa ni kama ukumbi: watu hukutana, hupiga muziki, hufanya mikutano. Wakaungana kama tunavyoungana sisi. Walitumia sheria ya mwaka 2011 inayowapa wenyeji nafasi ya kutafuta pesa kabla mahali wanapopathamini hapajauzwa kwa mwingine. Watu 371 walinunua hisa, na pesa nyingine zikapatikana kwa mikopo na misaada. Mwaka 2013 waliinunua kwa pauni 810,000, wakaifungua tena mwezi wa Agosti. Ilikuwa baa ya kwanza nchini humo kununuliwa na wenyeji kwa njia ya sheria hiyo.

Je, maneno yaliisha? Hayakuisha. Mwaka 2018 wafanyakazi wake waligoma. Wenzao wanne walikuwa wamefutwa kazi, na tena walilalamikia mikataba isiyomhakikishia mtu saa za kazi: leo unaitwa, kesho huitwi. Baada ya siku chache uongozi ulikubali kuwarudisha wale wanne na kuachana na mikataba hiyo.

Hatusemi haya kuwacheka. Kuiokoa baa ile ilikuwa kazi kubwa, na kusikiliza wafanyakazi na kurekebisha ni jambo la kusifiwa. Lakini tuone somo: hata wateja wakiwa wenyewe, anayebeba glasi anaweza kusahaulika. Kuwa na hisa hakumfanyi mtu asikie. Kusikia ni kazi ya kupangwa.

HATUA ZA KUFUATA

Biashara ya kikundi ikibadilisha uongozi, tunashauri hivi:

1. Subirini kama miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Mwezi wa kwanza watu wengi huongea juu ya mazoea waliyopoteza.
2. Chagueni watu wanne wa kuuliza, wanaume na wanawake, na wasiwe jamaa wa mwenye biashara.
3. Waulizwe angalau watu wawili kutoka kila aina: wanaokaa ndani, walioondoka, na wasio wateja. Mfanyakazi aulizwe mahali ambapo mkubwa wake hayuko, na jina lake lisiandikwe.
4. Swali liwe moja kwa wote: "Nini kimebadilika, na kimekufanyia nini?"
5. Pangeni majibu katika mafungu matatu: ladha, mfuko, haki.
6. Kaeni na mwenye biashara mumsomee. Naye asikilizwe. Labda muziki ndio unaolipa kodi, labda siyo, aonyeshe hesabu.
7. Mliyopatana yaandikwe kwenye mkataba, yawekwe sahihi. Maneno ya mdomo husahaulika siku kodi ikilipwa.

ZOEZI LA KUMALIZIA

Rudini kwenye kisa cha kwanza. Nyinyi ndiyo kamati. Mkataba umebaki wiki mbili. Mkimwondoa mpangaji, nyumba inaweza kukaa tupu, na kila mwezi mtu atakosa karo. Mkimwacha bila masharti, weita ataendelea kukatwa mshahara na watoto wa jirani hawatalala.

Andikeni masharti matano mtakayoweka kwenye mkataba mpya. Kwa kila sharti, semeni linajibu sauti ya nani. Kisha mchague mtu mmoja wa kwenda kuzungumza na yule mzee wa kiwanda, kwa sababu kitabu hakitarudi, na inafaa aambiwe ana kwa ana, kwa heshima, na aelezwe sababu. Mtu aliyekunywa mahali miaka kumi hastahili kuisoma habari hiyo ukutani.

Mkishafanya zoezi hili, lifanyeni tena kwa biashara yenu wenyewe, na mwandike tarehe ya kuanza kuuliza watu kabla hamjafunga mkutano.